Namba Gani?

Mama alikuwa opereta, posta ya Arua,
miaka kumi na tisa mbele ya ubao wa matundu,
waya mkononi, kengele sikioni.
Nebbi wanaitaka Koboko, Koboko haiitiki,
mtu wa tumbaku anagombana na Kampala.
"Namba gani? Subiri. Ongea sasa."
Kwa Kiswahili, maana waliopiga walikuwa wa kila lugha.
Kilugbara alitutunzia nyumbani.

Jumanne, akipepeta mbaazi, uteo ukamponyoka.
Mdomo ukaenda upande kama pazia lililokatika kamba.
Kiharusi, akasema daktari, ubongo wa kushoto.
Mkono wa kulia ukalala
na lugha zake zote zikalala nao.

Mimi ni wa maabara, chumba cha mwisho koridoni,
nahesabu chembe nyeupe za damu kwa kidole gumba,
tik, tik, tik.
Chupa yake ikaja, kifuniko cha zambarau:
Letaru Yunia, miaka sabini na mmoja.
Nikaandika namba kama ya mgonjwa yeyote,
kisha nikafuta, nikaiandika tena, vizuri zaidi.

Seli za ubongo hazifi kimya.
Zinapasuka, zinamwaga vilivyomo,
na walinzi waliozaliwa humohumo kichwani
wanakunja matawi yao, wanavimba, wanapiga yowe.
Mlango kati ya damu na ubongo unalegea bawaba.
Habari inateremka kwa neva, inateremka kwa homoni,
hadi kwenye bandama, chini ya ubavu wa kushoto,
kambi ya askari wanaolala na viatu.
Wanatoka wote. Bandama inasinyaa
kama gunia la muhogo jioni ya soko.

Niliwaona kwenye lenzi usiku ule:
viini vya vipande vitatu, kama mafiga,
wengi kuliko nilivyozoea.
Nikasema, haya, wazima moto wamefika.

Lakini wazima moto hao wana pupa.
Wanaokota maiti na kukanyaga majeruhi,
wanamwaga maji mpaka ukuta uliosalimika unaanguka.
Ubongo ukawaogopa waokoaji wake.
Ukapiga simu ya pili:
wekeni silaha chini.

Siku ya nne nikahesabu limfosaiti.
Tik.
Nikasogeza slaidi.

Tik.
Nikapangusa lenzi, nikidhani ni vumbi letu jekundu.

Kumbe amri ilikuwa imefika kila mahali,
hata kifuani, ambako hapakuwa na moto.
Mate aliyoshindwa kumeza yakashuka pafuni na vijidudu vyake
na getini hapakuwa na mtu.
Nimonia. Thelathini na tisa na nusu.

Kaka yangu Onzima alinifuata koridoni:
"Mwili gani huu unaomfukuza askari wake mwenyewe?"
Nikamwambia, ubongo ulikuwa unajihami.
Akanitazama kama ninayeitetea serikali.

Tukamgeuza ubavu kila saa mbili.
Shangazi alificha uji kwenye kikapu, nesi akaunusa, akaukamata.
Dawa ikaingia mshipani tone kwa tone
na hesabu zangu zikaanza kupanda, kwa uvivu,
kama watu wanaorudi kijijini
wakichungulia kwanza.

Siku ya kumi na moja, mkono wa kushoto ukainuka.
Akaushika mrija wa dripu kwa vidole viwili,
akautazama mwisho wake,
akapapasa shuka akitafuta tundu.
Sote tukanyamaza, hata mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Subiri," akasema.

Kwa Kiswahili. Cha kazini.
Onzima alilia kwa furaha; mimi nilisikia wivu kidogo
kwa wageni wale wote waliowahi kuitafuta Koboko.

Sasa ni mwezi. Kilugbara hakijarudi.
Namwita kila jioni kwa lugha aliyoninyonyeshea,
ananitazama, anakunja uso kama anayesikiliza laini yenye mikwaruzo.
"Namba gani?" ananiuliza.
Nami namtajia.